Kwa Nini Ramani Mbili za Simu Hazikubaliani

Watu wawili wakisimama Kimara Mwisho, Dar es Salaam, kila mmoja na simu yake, wakaomba njia ya kwenda Kariakoo, wanaweza kupewa majibu mawili. Mmoja ataambiwa ashike Barabara ya Morogoro moja kwa moja. Mwingine atapitishwa mitaa ya pembeni, na muda wa kufika atakaotajiwa utakuwa tofauti na wa mwenzake. Mabishano yanayofuata tunayajua: programu ipi ni bora? Ni Google Maps, Waze, Apple Maps, au hizi zinazojengwa juu ya OpenStreetMap, kama Organic Maps na OsmAnd? Swali likiulizwa hivyo halijibiki, kwa sababu programu ya ramani haifanyi kazi moja. Inafanya kazi kadhaa kwa mpigo, na kila kazi ina chanzo chake cha taarifa na udhaifu wake. Inatupasa kwanza kuzitenganisha kazi hizo. Kupima kutakuja baadaye.

Kazi ya kwanza ni kujua ulipo, na hapa tofauti kati ya programu ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Juu yetu, kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, huzunguka setilaiti za mfumo wa Marekani uitwao GPS. Ipo pia mifumo ya GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, na simu nyingi za sasa husikiliza zaidi ya mmoja. Kila setilaiti hurusha mawimbi ya redio yenye habari mbili: iko wapi, na saa yake inasoma ngapi hasa. Mawimbi hayo husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Simu hupima yamekaa njiani muda gani, na kutokana na muda huo hukokotoa umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kuonyesha mahali, ila saa ya simu si sahihi kama ya setilaiti, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Ndiyo sababu inahitajika setilaiti ya nne, ambayo kwayo simu huisahihisha saa yake yenyewe.

Kutokana na hayo yafuata mambo mawili ambayo mtumiaji anapaswa kuyashika. La kwanza, simu hupokea tu. Haiipelekei setilaiti chochote, wala haihitaji bando ili ijue ilipo. Mtandao husaidia kuharakisha, kwa kuiambia simu mapema setilaiti zipi ziko juu ya upeo wake, lakini hata bila mtandao nukta ya buluu itatokea, ikichelewa kidogo. La pili, kipokezi ni kimoja ndani ya simu na programu zote huchota hapo hapo. Chini ya anga wazi, kosa la kawaida ni mita tano hivi. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, njia yake hurefuka, na simu hudhani iko mtaa wa pili. Programu nzuri hulipunguza kosa hilo kwa kuivuta nukta yako hadi kwenye barabara iliyo karibu. Lakini ili ivutwe, lazima barabara hiyo iwemo kwenye ramani.

Ramani ya simu, basi, ni nini? Tunachokiona kwenye kioo ni picha, lakini kilichohifadhiwa nyuma yake ni hifadhidata, yaani mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ili kompyuta iweze kuuchambua. Ndani yake mna nukta, kila moja na latitudo na longitudo yake. Mna mistari inayounganisha nukta hizo ikawa barabara, mto, uzio au ukuta wa nyumba. Na kila mstari umebandikwa lebo zinazoueleza: jina, aina, upana, lami au vumbi, njia moja au mbili. Kilicho muhimu kuliko vyote kwa msafiri ni muungano wa mistari. Barabara mbili zinaweza kuonekana zimekutana kwenye kioo ilhali katika hifadhidata hazina nukta ya pamoja. Kwa programu, hapo hapana makutano, na gari haliwezi kukata kona.

Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 mkoani Mwanza kwa jina la J. P. Magufuli, linaeleza jambo hili vizuri. Kabla ya hapo ramani zilikuwa na mstari wa kivuko juu ya maji ya Ziwa Victoria, wenye lebo ya mwendo wa pole na kusubiri. Siku magari yalipoanza kupita juu ya takriban kilomita tatu za zege, ilibidi kila ramani ifanye mambo matatu: ichore mstari mpya, iuunganishe ncha zote mbili na barabara zilizopo, na iondoe lebo ya kuwa barabara inajengwa. Programu ambayo wahariri wake walichelewa kwenye hatua yoyote kati ya hizo ingeendelea kumpeleka dereva kwenye gati. Hivyo basi, mtu anapolinganisha ramani mbili, analinganisha pia watu wanaozihariri: ni akina nani, wako wapi, na kipi kinawasukuma.

Google ilizindua ramani yake Februari 2005, na tangu hapo imeilisha kwa picha za setilaiti na za ndege, kwa magari yenye kamera yaliyoanza kupita barabara za Marekani mwaka 2007, kwa taarifa za serikali na kampuni, na kwa wenye biashara wanaojisajili wenyewe. Tazama kinachotokana na mpango huo. Hoteli, benki, vituo vya mafuta, maduka na migahawa vimejaa, vina namba za simu, saa za kufungua na maoni ya wateja. Mfumo unaotegemea matangazo huona mbali zaidi pale penye cha kutangazwa. Mfereji wa maji ya mvua, kisima cha jumuiya, njia ya miguu kati ya nyumba mbili za Manzese havina mteja wa kuvilipia, na mara nyingi havimo.

Kwa miaka kadhaa Google iliwaalika watu wachore wenyewe barabara zao kupitia chombo kilichoitwa Map Maker, kilichoanza mwaka 2008. Watu wengi wa Afrika waliingia kwa moyo, wakachora miji ambayo ramani ilikuwa imeiacha tupu. Chombo hicho kilifungwa Machi 2017. Barabara walizochora zilibaki ndani ya ramani ya Google na zinatumika hadi leo, lakini masharti ya matumizi hayamruhusu yeyote kuzinakili kwa wingi na kujengea ramani nyingine, hata aliyezichora. Sisemi kwamba kulikuwa na hila. Masharti yaliandikwa tangu mwanzo. Nasema tu kwamba kazi ya kujitolea ikiwekwa chini ya masharti hayo hubadilika kuwa mali ya kampuni, na hili tutalihitaji mbele.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast kwa wazo jingine: hifadhidata moja ya dunia nzima, inayohaririwa na yeyote, na inayoweza kutumiwa na yeyote mradi ataje chanzo na aachie maboresho yake kwa masharti yale yale. Tangu mwaka 2012 masharti hayo yamo kwenye leseni maalumu ya hifadhidata huria. OpenStreetMap yenyewe si programu ya kuelekeza njia. Ni ghala la taarifa. Organic Maps, OsmAnd na nyingine nyingi huchota humo, kila moja kwa mtindo wake. Ndiyo maana programu mbili za jamii hii huweza kutofautiana sura kabisa huku zikikosea mahali pamoja.

Ubora wa ghala hilo hutegemea nani amefika. Mwaka 2009 Kibera, Nairobi, ilikuwa karibu nafasi tupu kwenye ramani zilizopatikana kwa umma, japo maelfu kwa maelfu ya watu waliishi humo. Vijana wa hapo hapo, katika mradi wa Map Kibera, walitembea na vipokezi vya GPS wakaandika zahanati, shule, vyoo, vituo vya maji na vichochoro. Dar es Salaam ilifuata nyayo: Tandale ilichorwa mwaka 2011, kisha mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wa kata zinazofurika. Walichora nyumba, mifereji na njia. Waliwauliza wenyeji maji yalifika wapi mafuriko yaliyopita. Picha za droni zilitumika pale picha za setilaiti zilipokuwa hazionyeshi vya kutosha. Anayefungua leo ramani ya OpenStreetMap ya bonde la Msimbazi anaona matokeo ya miguu hiyo.

Kwa hiyo kuna maeneo ya Afrika Mashariki ambako ramani hii huria ina maelezo mengi kuliko ya kampuni yoyote, na kuna mengine, kilomita chache tu kutoka hapo, ambako hakuna aliyefika na mna barabara kuu peke yake. Ukipima programu kwa mtaa mmoja, ukatangaza hukumu ya nchi nzima, umepima mradi uliopita mtaa huo. Jambo hili ndilo linalofanya makala nyingi za kulinganisha, zinazoandikwa London au San Francisco, zisitusaidie sana: zinapima mahali ambapo kila ramani imeshajaa.

Kuhusu Apple Maps maneno machache yatatosha. Ilitoka Septemba 2012 ikiwa na makosa mengi kiasi kwamba mkuu wa kampuni, Tim Cook, aliomba radhi hadharani na kuwashauri wateja watumie ramani za washindani wakati yao ikirekebishwa. Mwaka 2018 ilitangaza kuijenga upya. Tangu hapo imeimarika sana kwenye nchi ambazo kampuni hiyo imezipa kipaumbele. Ila imetengenezwa kwa ajili ya vifaa vya Apple, na kwetu simu zilizo nyingi ni za Android.

Sasa tuje kwenye kuchagua njia. Kinachofanyika hapa huitwa algoriti, yaani mfululizo wa hatua za kukokotoa zinazofuatwa kwa mpangilio hadi jibu lipatikane. Algoriti mama ya kutafuta njia fupi ilibuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akaichapisha 1959. Kila kipande cha barabara hupewa gharama. Kompyuta huanzia ulipo, ikatazama makutano yote yaliyo jirani na kuandika gharama ya kufika kila moja. Kisha huchukua makutano yenye gharama ndogo kuliko yote, ikasogea hapo, ikatazama jirani zake, na kuendelea hivyo hadi ifike uendako. Matoleo ya siku hizi huandaa mikato mapema ili jibu litoke haraka hata ndani ya simu, lakini msingi haujabadilika.

Uzito wa jambo uko kwenye neno gharama. Kwa dereva, gharama ni muda, na muda ni urefu uliogawanywa kwa mwendo ambao programu inaudhania. Chukua kilomita moja ya lami kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa: ni sekunde 72. Pembeni kuna njia ya mkato ya vumbi yenye mita 700. Kama ramani haina lebo ya vumbi, programu itadhani nayo hupitika kwa kilomita 50 kwa saa, itapata sekunde 50, na itakuelekeza huko. Kwa hali halisi ya mashimo na matuta utakwenda kilomita 20 kwa saa, nawe utatumia sekunde 126. Hesabu haikukosewa hata kidogo. Kilichokosewa ni dhana iliyoingizwa kwenye hesabu, na dhana hiyo ilitokana na lebo ambayo hakuna aliyeiandika.

Mvua huongeza ugumu. Barabara inayopitika Agosti inaweza kuwa tope tupu wakati wa masika, na gharama iliyoandikwa mara moja haielezi majira mawili. OpenStreetMap ina lebo za aina ya uso wa barabara, ulaini wake na hata kupitika kwa msimu, lakini lebo iliyopo kwenye orodha si sawa na lebo iliyojazwa.

Gharama hubadilika pia kwa chombo. Bajaji, bodaboda, lori na mtembea kwa miguu hawana barabara moja. Google ilianzisha hali ya pikipiki India mwaka 2017, kisha ikaipeleka nchi nyingine, Kenya ikiwemo. Hilo ni la kupongezwa, kwa kuwa kabla yake bodaboda alipewa njia ya gari. Mtembea kwa miguu huhudumiwa vizuri zaidi na ramani yenye vichochoro, na hapo kazi kama ya Ramani Huria huonekana. Abiria wa daladala na matatu ndiye aliyesahauliwa muda mrefu kuliko wote. Mjini Nairobi, watafiti na wanafunzi wa mradi wa Digital Matatus walipanda matatu na simu mkononi wakaandika njia na vituo, wakatoa ramani mwaka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo ziliingia kwenye Google Maps. Taarifa zilikusanywa wazi, ndipo kampuni ikaweza kuzichukua. Mahali ambapo hakuna aliyefanya kazi ya namna hiyo, abiria bado huuliza kondakta.

Hatua inayofuata ndiyo inayowavutia madereva wa mjini: habari za foleni. Simu zilizoruhusiwa kutoa taarifa za mahali hutuma mwendo wake kwa seva za kampuni. Seva hukusanya mwendo wa simu nyingi kwenye kipande kimoja cha barabara, hulinganisha na mwendo wa kawaida wa hapo, kisha hupaka kijani, chungwa au nyekundu. Hakuna kamera wala askari anayetazama. Msanii Simon Weckert alilionyesha hili mwanzoni mwa mwaka 2020 kwa kutembea polepole mitaani Berlin akivuta kigari chenye simu 99. Mtaa uliokuwa karibu mtupu uligeuka mwekundu kwenye Google Maps, kwa kuwa seva iliona simu nyingi zikienda kwa mwendo wa mguu ikahitimisha kuwa magari yamekwama.

Kutokana na utaratibu huo twaona kwamba habari za foleni ni zao la wingi wa watumiaji. Programu yenye watumiaji wachache haiwezi kuzizalisha, hata kama wahandisi wake ni hodari kupita wote. Hapa Google ina nguvu ambayo mshindani hawezi kuikaribia kwa urahisi, nayo iliizidisha mwaka 2013 iliponunua Waze, programu iliyozaliwa Israel ambayo watumiaji wake huripoti wenyewe ajali, mashimo na vizuizi. Programu za ramani huria, ambazo nyingi hazikusanyi mwendo wa watumiaji, hukadiria muda kana kwamba barabara ni nyeupe. Ukitoka Mwenge saa kumi na moja jioni kuelekea Tegeta, kadirio hilo halina thamani.

Hata hivyo, utaratibu huo una mipaka, na kwetu mipaka hiyo iko karibu. Foleni ya magari ikisimama, bodaboda hupenya katikati yake. Mwendo wa simu za madereva wa bodaboda ukichanganywa na wa magari, barabara huonekana inapitika kuliko ilivyo. Baada ya tukio la Berlin, Google ilisema imeanza kutofautisha gari na pikipiki katika baadhi ya nchi, ikitaja India, Indonesia na Misri. Mpaka wa pili ni ukimya. Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani Mto Msimbazi unapofurika. Kwenye barabara kubwa kama ile, simu nyingi zikikoma ghafla, mfumo unaweza kushtuka. Kwenye barabara ya wilayani inayopitiwa na magari machache kwa saa, seva haiwezi kutofautisha kati ya daraja lililosombwa na asubuhi ambayo hakuna aliyepita.

Lipo pia suala la haki kwa wakazi wa njia za mkato, ambalo halijadiliwi vya kutosha. Programu ikiwapeleka madereva wengi pamoja kwenye mtaa mdogo, mtaa huo hubeba mzigo ambao haukujengewa. Mji wa Leonia, jimboni New Jersey, Marekani, uliamua Januari 2018 kuwafungia wasio wakazi mitaa yake ipatayo 60 saa za msongamano, baada ya programu za simu kuigeuza kuwa mchepuko wa daraja la George Washington. Kwa algoriti, mtaa wa watoto kuchezea na mtaa wa malori hutofautiana kwa sekunde tu.

Kabla ya yote hayo, msafiri lazima aitaje sehemu anayokwenda, na hapa ndipo ramani za kigeni zilipotujua kwa kuchelewa. Mfumo wa kutafuta anwani ulibuniwa kwa miji yenye namba ya nyumba na jina la mtaa. Sisi husema Mbagala Rangi Tatu, Mbezi kwa Msuguri, Sinza kwa Remmy. Mwenyeji akimwelekeza mgeni kwa simu humwambia, "Shuka kituoni, uliza duka la Mangi, halafu nipigie." Jina la namna hii lina usahihi wake, lakini halina orodha rasmi, linaingia kwenye ramani pale tu mtu anayeishi nalo anapoliandika. Google hupata majina hayo kupitia biashara zinazojiita kwa jina la kituo. OpenStreetMap huyapata kupitia wachoraji wenyeji.

Njia za kuziba pengo hilo zipo. Plus Codes za Google hugeuza latitudo na longitudo kuwa msimbo mfupi wa herufi na tarakimu, na kanuni yake iko wazi kwa yeyote kuitumia. Tanzania kwa upande wake ilifanya operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa ya Agosti 2022, nguzo za majina ya mitaa zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali wa NaPA. Namba ya mlangoni itamsaidia dereva siku ile ambayo programu anayoitumia itaifahamu. Kwa hiyo wa kuulizwa ni wote wawili, mamlaka zenye taarifa hizo na waandaaji wa ramani.

Imebaki gharama ya kutumia, nayo ni ya mfukoni na ya faragha. Waze huhitaji mtandao ili kutafuta mahali na kupanga njia. Google Maps hukuruhusu kupakua eneo na kulitumia bila bando, lakini bila mtandao hutoa maelekezo ya gari tu. Ya miguu, baiskeli na usafiri wa umma hayapatikani, na habari za foleni pia hazipo. Organic Maps na OsmAnd zimejengwa kuanzia mwanzo kwa matumizi ya bila mtandao: ukishapakua nchi au mkoa, utatafuta, utaelekezwa kwa gari au kwa miguu, na utaona vichochoro vyote vilivyochorwa. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hii ni kubwa kuliko uzuri wa rangi za ramani. Kuhusu faragha, Organic Maps haimfuatilii mtumiaji na haihitaji akaunti. Google hutumia taarifa za mahali kwa huduma na matangazo, kulingana na mipangilio ya mtumiaji. Kumbukumbu za safari zako ilianza kuzihamishia ndani ya simu yenyewe mwaka 2024, hatua iliyostahili kuchukuliwa mapema zaidi.

Tukishafika hapa tunaweza kupima. Dereva wa Dar es Salaam au Nairobi anayekwenda kazini kwa barabara kuu saa za foleni atumie Google Maps, au Waze kama bando lake linaruhusu, kwa kuwa anachohitaji ni mwendo wa wenzake na wenzake wako huko. Muuguzi anayetembelea kaya, mtu wa sensa, mgeni anayeshuka kijijini, mwanafunzi anayetembea Tandale, wapakue ramani inayotokana na OpenStreetMap, na waiangalie kabla ya safari kama eneo lao limechorwa. Kuwa na zote mbili kwenye simu hakugharimu ila nafasi kidogo.

Taasisi za umma naziweka kwenye fungu jingine. Halmashauri inayopanga mifereji, hospitali ya wilaya inayotafuta chanzo cha kipindupindu, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) inayoorodhesha barabara za vijijini, zote zinahitaji taarifa wanazoweza kuzichapisha, kuzirekebisha na kuzihifadhi bila kumwomba mtu ruhusa. Ramani ya kampuni, hata iwe nzuri namna gani, haiwapi haki hiyo. Naamini kwa dhati kwamba fedha na jasho la umma vinavyotumika kuchora mitaa yetu vielekezwe kwenye ghala lililo wazi, ambalo Google na wengine watabaki huru kuchota kwa masharti yake, badala ya kuelekezwa mahali ambapo sisi wenyewe hatuwezi kuchota tena.

Kwa mkazi wa kawaida, kuchangia hakuhitaji kozi. Ipo programu ya Android iitwayo StreetComplete, inayotazama mahali ulipo na kuuliza maswali mepesi: barabara hii ina lami, changarawe au udongo? Jina lake nani? Jengo hili lina ghorofa ngapi? Jibu linaingia OpenStreetMap, na toleo la ramani litakalofuata kwenye Organic Maps au OsmAnd litakuwa nalo. Ile njia ya mita 700 ikishapewa lebo yake ya vumbi, dereva anayefuata atabaki kwenye lami.